Kondoo wa Jikoni la Maafisa

Mwaka 1967 serikali ilitukusanya ndani ya seng'enge, saa tatu kwa lori kutoka Garissa, ikasema inatulinda. Kondoo wetu iliwalinda zaidi. Iliwafungia kwenye zizi lake, na kila Ijumaa walikuwa wachache kuliko Alhamisi. Mimi, Halkano, nilikuwa dresa, mtabibu msaidizi wa kijiji, dawa zangu aspirini na subira.

Mkazi mmoja, Shurie, akajifungua mtoto wa kiume aliyepumua kwa kulia tu. Akinyamaza, midomo inageuka buluu. Nilimchungulia puani nikakuta mfupa umebana njia, hata uzi haupenyi, na mtoto mchanga hajui kupumua kwa mdomo. Nikakata ncha ya chuchu ya chupa, nikamfungia mdomoni kwa utepe ili hewa ipite. Ilichomoka kila mara, na Shurie akawa anamfinya paja ili alie. Paja lile lilijaa madoa, nami nililia kwa kuliona. Bila daktari mpasuaji wa Garissa, mtoto angekufa.

Kutoka kulihitaji pasi. Karani, aliyependa muhuri wake kuliko mkewe, akauliza jina la mtoto. Nikamweleza kwamba ana siku tatu, na Wasomali hutoa jina siku ya saba, kondoo akichinjwa. Akasema asiye na jina haandikiki, na asiyeandikika hasafiri.

Bibi Maka, mama mkwe wa Shurie, naye hakukubali jina la njiani, lisilo na kondoo. Ukaidi wake ulinikera sawa na muhuri ule.

"Kondoo iko kwa zizi yenu," akamwambia karani. "Leta moja, tuchinje, tubate jina."

Hapo mtoto akanyamaza. Karani akashusha pumzi, akasema afadhali, sasa watu wafanye kazi. Mtoto alikuwa buluu. Shurie akamfinya.

Nikakumbuka kwamba kuna kiumbe anayetoka kijijini bila kuulizwa jina: kondoo wa jikoni la maafisa. Nikajaza fomu nyingine. Kondoo mmoja, dume, mchanga, mali ya Maka, mchungaji, Shurie, aendako, jikoni la maafisa, Garissa. Karani akagonga muhuri bila kusoma, kama kawaida yake. Askari wa kizuizi cha barabarani naye alisoma muhuri tu.

Huko Garissa daktari alipasua ndani ya mdomo wa juu, akapanua mfupa, akaacha vijibomba viwili puani kwa wiki nne.

Shurie na mtoto waliporudi, Bibi Maka alimwendea karani na ile pasi. Kondoo wake ametoka kwa muhuri, jikoni hakufika, nyumbani hajarudi. Yuko wapi? Karani akaisoma kwa mara ya kwanza, polepole, jasho likimtoka. Ama akiri kwamba alimtuma mtoto wa mtu akapikwe, ama afungue zizi.

Akafungua zizi.

Tulichinja siku hiyohiyo, mtoto akaitwa Mursal. Karani alikuja kula, akasifu mbavu. Katikati ya kelele zote zile Mursal alilala, mdomo umefungwa, akipumua kwa pua. Mkono wa Shurie ulikuwa juu ya paja la mwanawe, na haukufinya.