Jina la Kumi na Mbili

Landrova ya mkoani ilipokata kona kutoka barabara ya Chunya, Esta alitoka jikoni kabla hata injini haijazimwa. Alikuwa ameshika sufuria la uji kwa mikono miwili. Akaliweka chini, akalinyanyua, akaliweka tena. Haya, wamekuja. Aliyeomba ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe, na sasa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Tuseme kweli, huyu Esta si mtu wa kuogopa ovyo. Makao yale ya wazee, nje kidogo ya mji wa Mbeya, yalikuwa na wahudumu wawili tu, yeye na Evarista, na wazee kumi na wawili wasiojiweza. Kuosha vidonda, kubeba maiti, kuua nyoka chooni kwa mpini wa jembe, yote aliyafanya bila kupepesa. Lakini kulikuwa na chumba kimoja, cha mwisho kabisa, ambacho hajapata kukanyaga ndani yake. Humo alilala baba wa mume wake.

Sasa wewe kama si wa Rungwe utacheka. Usicheke. Kwa Wanyakyusa wa kina Esta, mke hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hasemi naye, akimwona anakuja njiani anaingia migombani hadi apite, na jina lake halitamki mpaka kufa. Esta alikuwa na miaka tisa ya ndoa na uso wa mkwewe hakuujua. Alijua kikohozi chake tu. Kanisani waliambiwa hayo ni mambo ya kale, yaachwe. Sawa, Esta alibatizwa, lakini woga wake haukubatizwa. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na mara zote mbili mashangazi walimwuliza kwa sauti ya chini kama hakuwahi kukosea njia akakutana na mzee. Sasa alikuwa na ya tatu, changa bado, na hakuna aliyeijua ila yeye.

Majirani ndio waliomleta yule mzee, mwanzoni mwa mwaka ule wa 1976, amepooza upande mmoja, hawezi kutamka neno. Mwanawe Lutengano, mume wa Esta, alikuwa kwenye migodi ya shaba Zambia. Alikuja Pasaka, akalia siku nne, akarudi kazini. Pa kumpeleka pengine hapakuwapo. Basi Evarista, Mkatoliki wa Iringa asiyejua wala kujali mambo hayo, akawa ndiye anayemwogesha na kumlisha, na Esta akawa anapita nyuma ya jiko ili asiuone hata mlango. Wazee wengine walimcheka. Hata jina walishampa yule mgonjwa, wakamwita Mkwe.

Kicheko kilikwisha Jumapili moja. Evarista alikwenda misa, na yule mzee akaanguka kati ya kitanda na ukuta. Esta alimsikia akikoroma. Alikwenda mpaka mlangoni, akashika kitasa, akakiachia. Akamwita Mzee Budeba, Msukuma aliyekuja na ng'ombe zake Usangu akaishia kukatwa mguu, naye akaingia na magongo yake akajaribu kumwinua akashindwa. Yule mgonjwa alilala kwenye saruji masaa mawili. Nje ya mlango mkamwana wake alikuwa amepiga magoti anauma kanga asipige kelele.

Ndipo alipopeleka ombi. Alikuwa amesikia mkutanoni kwamba mkoa una fungu kwa ajili ya huduma za wasiojiweza, kwa watakaotumia ufundi wa kisasa. Yotamu, fundi redio wa sokoni, alimweleza jambo jepesi: betri ya gari, nyaya, swichi kando ya kila kitanda, na kengele kubwa jikoni ambayo ingesikika hadi kisimani. Ikilia mara moja, maji. Mara mbili, nigeuzeni. Mara tatu, nakufa. Evarista angeisikia popote alipo, na Esta asingesimama tena mlangoni pale. Hilo la mwisho hakuliandika, lakini ndilo lililomtuma. Yotamu akafunga kengele moja ya majaribio bure, chumba cha mwisho, kwa betri aliyoitoa kwenye Peugeot mbovu.

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Esta alizijaza zote kwa mwandiko safi wa darasa la saba, mpaka alipofika penye majina. Majina kamili ya watakaohudumiwa, kwa mkono wa mwombaji, mwandiko wa mtu mwingine asiye afisa wa mkoa utabatilisha ombi. Aliandika kumi na moja. La kumi na mbili kalamu ilikataa. Kuandika si kutamka, alijiambia, halafu akajijibu kwamba ni lilelile. Idadi ya wazee aliandika kumi na wawili, mstari wa mwisho akauacha mtupu, akabandika stempu. Kosa la namna hiyo angelifanya nani mwingine?

Na siku ya ukaguzi, kati ya siku zote za Mungu, Evarista alikuwa Iringa anamzika mama yake, na ufunguo wa kabati la daftari la wazee yuko nao shingoni.

"Hodi wenyewe," alisema yule afisa. Alikuwa mtu mfupi, kaunda suti ya kijivu, mkoba umejaa makaratasi. "Naitwa Bartholomeo Kalinga. Ndugu Esta ni wewe?"

"Ni mimi, Ndugu Kalinga. Karibu, shikamoo."

"Marahaba. Wakusanye wazee hapa barazani, niwahesabu kwa jina na sura."

Esta aliwakusanya. Waliojiweza walijikokota, wengine aliwabeba mgongoni. Hata Mzee Budeba, aliyekuwa akimnywesha Mkwe uji, alikiacha kikombe kwenye kigoda kando ya kitanda akaja kwa magongo kuona serikali inafananaje. Kalinga aliita majina, akatia alama, na kila alama ilimshusha Esta roho kidogo. Mpaka kalamu ikasimama.

"Kumi na moja," alisema. "Wewe umeandika kumi na wawili."

"Wa kumi na mbili yuko ndani. Hawezi kutoka."

"Jina lake?"

Esta aliutazama ule mstari mtupu kwenye fomu.

"Nimekuuliza jina, mama."

"Yupo, Ndugu. Nenda ukamwone."

"Sikukuuliza kama yupo." Kalinga alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti. "Sikiliza. Mwezi jana mwenzangu amekamatwa. Alitia sahihi makao fulani, kumbe nusu ya wazee wamezikwa zamani, kuna mjanja anakula posho yao. Sasa hivi yuko ndani, na mke wake anakuja kwangu kila asubuhi. Halafu mimi nitie sahihi mtu asiye na jina? Nina watoto sita!"

"Ee bwana wewe," alidakia Mzee Budeba, "huyo ni mkwe wake! Hawa Wanyakyusa hawatajani. Ungemwona anavyomkimbia, utafikiri kaona simba."

Wazee wakacheka. Kalinga hakucheka. Alimtazama Esta, na uso wake ukalegea kidogo.

"Hata kwetu Iringa wakwe wana heshima zao," alisema polepole. "Nakuelewa, mama. Lakini fomu haina mkwe. Mzee Budeba, wewe unalijua jina lake?"

"Tunamwita Mkwe tu. Alikuja hasemi."

"Basi. Usipomtaja, naandika kwamba idadi ni ya uongo. Ombi linakufa leo, na huyo aliyezidi anarudishwa kijijini kwao kesho, maana hayumo."

Kijijini! Nyumba yenyewe ilikuwa imebomoka, wanakijiji wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Nani angempa maji? Esta aliliona lile jina limekaa kwenye ulimi, zito, na nyuma yake akaona damu ya zile mimba mbili. Akabana mapaja. Hapana. Mungu wangu, hapana, siwezi.

Kengele ikalia.

Ikalia mara ya pili. Wazee wakageukia jikoni. Esta aliomba, nigeuzeni tu, iwe nigeuzeni tu. Ikalia mara ya tatu, ndefu, ikakatika.

Kalinga, asiyejua maana yake, alisema, "Naona inafanya kazi," kisha akaona nyuso za wale wazee. Akakimbia yeye kwanza. Kutoka barazani walimsikia akigonga kitu, akiita, na sauti yake ikapanda kama ya mtoto. "Mama! Mama Esta! Amepaliwa, amekuwa wa bluu! Mimi sijui la kufanya! Njoo!"

Esta alikuwa tayari mlangoni. Hakujua alifikaje. Palepale, mahali palepale alipopiga magoti ile Jumapili. Miguu ilimwambia kaa hapo, kaa, mtoto wako. Akajifunika kanga uso mzima, akaingia kama kipofu, mikono mbele.

Akapapasa. Chini ya kiganja hakukuta uso, alikuta blanketi. Mzee alikuwa amesikia hatua zake. Kwa ule mkono mmoja uliobaki alikuwa amejivutia blanketi usoni na kulishika kwa nguvu zote alizokuwa nazo, asije mkamwana wake akamwona. Alikuwa anakufa na bado anamsitiri.

"Achia," Esta alisema. Miaka tisa, na hilo ndilo neno la kwanza alilopata kumwambia. "Tata, baba yangu, achia!"

Hakuachia. Esta akaivua kanga yake usoni, maana kwa upofu asingeweza, akalipokonya blanketi, akamwona. Alikuwa na uso wa Lutengano, uleule, umezeeka na kupinda. Macho yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu. Akamgeuza ubavu, akatia vidole kinywani akachokonoa, akampiga mgongoni kwa kiganja mara moja, mbili, tano. Uji ukamwagika kwenye magoti yake. Halafu pumzi ikaingia, nyembamba, ya kukwaruza. Esta akaendelea kumpigapiga hata baada ya hapo, hakuweza kuacha.

Kalinga alikuwa amejibanza ukutani, miwani haijulikani iko wapi.

"Saulo," Esta alisema bila kugeuka. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Saulo Mwaipasi. Andika."

Mzee alilia. Kilikuwa kikohozi na kilio pamoja, na jicho moja tu ndilo lililotoa machozi. Esta alitoka nje akashika tumbo lake, akakaa nyuma ya jiko, meno yakigongana juani. Jioni hakukuwa na damu. Asubuhi hakukuwa na damu. Wiki nzima alikuwa akienda chooni kutazama, mara kumi kwa siku, na kila mara akitoka jasho la woga upya.

Fedha zilitoka mwezi wa kumi. Yotamu alikuja na nyaya kwenye baiskeli, akafunga swichi kumi na mbili na betri mbili mpya, na makao yale yakawa hayana raha kwa makelele. Mzee Budeba alipiga kengele kuuliza saa ngapi. Bibi mmoja alipiga kuulizia kama kengele imefika kwake. Evarista, aliyekuwa amerudi, alikimbia huku na huko akitukana na kucheka.

Ni yeye aliyemjia Esta jikoni siku moja, hacheki.

"Mkwe wako ana vidonda mgongoni," alisema. "Nimemkuta amelala kwenye mkojo tangu asubuhi, midomo imepasuka kwa kiu. Swichi iko mkononi mwake, Esta. Ameishika tu. Nimeijaribu, nzima. Nimemwuliza mbona hupigi, akatazama mlango."

Esta aliacha kumenya viazi.

"Hajui ni nani atakuja," alisema Evarista. "Ndiyo sababu. Ataoza pale, wewe, kuliko akupigie."

Hizo kengele zote, fomu ya kurasa nne, na mtu mmoja aliyeombewa ndiye pekee asiyezitumia. Ule woga wa zamani ulikuwa palepale, mzima, haujapungua hata chembe. Mimba ilikuwa ya miezi sita sasa, inaonekana hata kwa kipofu. Akanawa mikono. Akachota uji kwenye bakuli, akatafuta kijiko, akakiangusha, akakiokota, akakisuuza.

Mlangoni hakusimama, alijua akisimama hataingia. Mzee aliposikia zile hatua akaanza kuvuta blanketi, lakini mkono ulikuwa umechoka, akageuzia uso ukutani. Esta akaketi kwenye kigoda. Akaliweka bakuli magotini.

"Tata, ni mimi Esta, mke wa Lutengano," alisema. "Nakuogopa. Nakuogopa mpaka sipati usingizi. Najua na wewe unaniogopa. Lakini usipopiga hiyo kengele nitakuja tu, hata hujaniita, kila siku, asubuhi na mchana na jioni. Bora upige."

Mzee hakugeuka. Mabega yalipanda na kushuka. Esta akangoja, kijiko mkononi, uji ukaanza kufanya utando. Vyumba vya mbele Mzee Budeba alikuwa anapiga kengele tena kwa upuuzi wake, na Evarista anamjibu kwa matusi.

Kisha, taratibu, macho yamefumbwa, mzee akageuza kichwa akafungua mdomo.