Jumapili Baada ya Saa Nane

Felomena aliipeleka barua posta siku ya Ijumaa, na Jumamosi jioni akakaanga maandazi.

Barua ilikuwa ya kaka yake, Eustakio, kule kwao Bukoba, ng'ambo ya Mto Kagera karibu na mpaka. Alimwandikia kwamba atakuja na watoto kabla mwaka haujaisha, amtafutie nafasi mbili za shule, na tafadhali asimuulize atarudi lini kwa mumewe. Maandazi yalikuwa ya matembezi ya Jumapili. Alitaka watoto wapate siku moja na baba yao kabla hajamwambia.

Mumewe, Dunstan, alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Walihamia Nachingwea mwaka 1981 wakitokea Singida, na kabla ya Singida walikuwa Tarime. Hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakumpiga mtu, na mshahara aliufikisha nyumbani. Lakini alirudi kila jioni na mafaili kwapani, akala huku faili moja limefunguliwa kando ya sahani. Valeria, binti yao wa miaka kumi, alikuwa amejifunza kumwuliza baba yake jambo wakati anageuza ukurasa.

Hayo yote Felomena angeyavumilia. Alishindwa kuvumilia jambo la mwaka uliopita. Mwezi wa tatu, masika yamepamba moto, ilikuja simu ya maandishi kwamba mama yake amefariki. Dunstan aliisoma mara mbili. Akamshika mkewe mkono, akampa pole, kisha akasema, "Barabara ya Dar es Salaam imekatika. Hata ikipitika, ni zaidi ya wiki mpaka Bukoba. Watakuwa wamekwisha kuzika. Na mimi nina kesi kumi na moja."

Alisema kweli tupu, na ukweli huo ndio uliomchoma Felomena. Alitandika mkeka kwenye nyumba ya serikali, akakaa msiba siku tatu na majirani wema ambao hawakuwahi kumwona mama yake. Siku ya nne alivaa sare yake ya uuguzi akarudi kliniki. Mama yule alikuwa amevuka Mto Kagera kwa miguu vita vilipoanza, na vilipokwisha akarudi akakuta nyumba yake haina hata bati moja. Aliishi miaka mitatu zaidi, akafa, na binti yake akawa anachoma watoto wa watu sindano ya surua.

Basi Jumapili hiyo ya Juni, mwaka 1983, walitoka kanisani misa ya kwanza wakaingia moja kwa moja kwenye Pijo yao kuukuu: Dunstan, Felomena, Valeria na Tomasi wa miaka sita. Walishika barabara ya kuelekea Nanganga. Ilikuwa kipupwe, vumbi linatifuka nyuma yao, mikorosho imesimama pande zote mbili.

"Saa saba tuwe tumegeuza," Dunstan alisema.

Hakuhitaji kueleza. Miaka ile mafuta yalikuwa haba, na amri ilikuwa wazi: Jumapili ikigonga saa nane mchana, magari ya watu binafsi yasionekane barabarani mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa kwa kibali. Dunstan aliijua amri hiyo kuliko wengi, kwani alikuwa amekwisha kuwatoza faini madereva wanne.

Walisimama baada ya kilomita thelathini na tano, kwenye kilima cha mawe kilichojitenga upande wa kulia. Walikula maandazi na mayai ya kuchemsha, wakanywa chai ya chupa yenye sukari ambayo Felomena aliidunduliza wiki mbili. Kisha Tomasi akaanza kupanda kilima bila kuomba ruhusa, na baba yake akamfuata amrudishe.

Hakumrudisha. Felomena aliwatazama kutoka chini. Dunstan alivua viatu, akaivua na saa isikwaruzwe na mawe, akaitumbukiza ndani ya kiatu. Akamwonyesha mtoto jinsi ya kutambaa kwenye jiwe kwa viganja na nyayo. Valeria naye akakimbilia. Muda mfupi baadaye ulisikika mluzi mkali, wa vidole viwili, na Felomena akashtuka kugundua kwamba anayepiga ni mumewe. Walikuwa wameoana kwa miaka kumi na miwili, na hakujua kwamba anaweza.

"Mama, njoo!" Valeria alipiga kelele. "Baba alikuwa anachunga ng'ombe! Dume likamtupa mtoni!"

Felomena alifunga kitenge vizuri akapanda. Juu kabisa kulikuwa na upepo baridi, na gari lao lilionekana dogo kama mdudu. Dunstan alikuwa anahadithia habari za dume lile kwa mikono yote miwili, shati limetoka nje ya suruali. Felomena alicheka mpaka akaketi. Wakati anacheka aliikumbuka barua, naye akaendelea kucheka kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Waliposhuka, Dunstan aliingiza mguu kwenye kiatu, akaitoa saa, akaitazama. Akaipeleka sikioni.

"Saa nane kasoro dakika kumi," alisema.

"Tukimbize," Felomena akajibu.

"Kilomita thelathini na tano, kwa barabara hii? Ni saa nzima."

"Baba Valeria, tangu asubuhi hapa limepita gari ngapi? Nani atakuona?"

Dunstan aliitazama barabara. Kweli, ilikuwa tupu mpaka inapokata kona. "Kesho asubuhi ninasikiliza kesi ya dereva mmoja," alisema. "Alikamatwa saa nane na robo. Nitamtazamaje?"

"Kwa hiyo watoto walale porini kwa ajili ya dereva?"

"Kosa ni langu. Nilisahau saa." Alikaa kwenye jiwe kufunga kamba za viatu. "Ukisema twende, nitaendesha. Lakini nakuomba tusiende."

Felomena alimtazama. Katika miaka yote hiyo alizoea kuambiwa haiwezekani. Kuombwa kulikuwa jambo geni. Akafungua mlango wa gari, akatoa kitenge cha pili na sweta za watoto.

"Tafuta maji basi," alisema.

Maji waliyapata kwa mzee aliyeitwa Ausi, waliyemwona akitoka shambani na mzigo wa nyasi kichwani. Yeye na mkewe, Ashura, walikuwa na shamba la mtama na mbaazi nyuma ya kilima. Kijiji walichohamishiwa kilikuwa mbali, kwa hiyo msimu wa mavuno waliishi hapo hapo kwenye kibanda, na kando yake kulikuwa na dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba. Ausi aliposikia kwa nini wamekwama aliuliza mara mbili ahakikishe.

"Gari zima?"

"Zima."

"Mafuta yapo?"

"Yapo."

"Mnangoja asubuhi kwa ajili ya amri?" Aliwaita wamfuate, na njia nzima alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu peke yake.

Jioni hiyo Tomasi alipewa debe bovu na fimbo, akapanda dunguni kufukuza ngedere. Hakuna ngedere aliyethubutu kusogea. Valeria alikwenda na Ausi kwenye mkondo wa mto mkavu, wakafukua mchanga mpaka maji yakachuruzika. Dunstan alipewa mundu akate nyasi za kuzuia upepo ubavuni mwa kibanda. Kabla hajamaliza mzigo wa pili viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, lakini aliendelea.

Felomena alikaa na Ashura motoni, wakichambua mbaazi mbichi na kuzitia chunguni. Kiswahili cha Ashura kilikuwa cha maneno machache, Kimwera ndicho alichokizoea, lakini alikuwa anapenda kuuliza.

"Kwenu mbali?"

"Mbali sana. Bukoba. Basi, treni, halafu meli."

"Mama yako mzima?"

"Amefariki. Mwaka jana."

"Ukazika?"

Felomena alikuwa na ganda la mbaazi mkononi. "Sikuzika," alisema. "Sikufika."

Ashura aliacha kuchambua. Alimgeukia mumewe, ambaye alikuwa amerudi na ndoo, akamwambia neno kwa Kimwera. Ausi aliitua ndoo, akavua kofia yake, akachuchumaa kimya karibu na moto kama mtu aliyefika matangani.

"Jina lake nani, mama yako?" Ashura aliuliza.

Huko Nachingwea watu walimpa pole, walimletea unga na kuni, walimwombea. Hakuna aliyemwuliza jina.

"Albina," alijibu.

Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia. Ashura alimwegemeza begani, akawa anarudia kwa upole, "Albina. Pole, mwanangu. Albina." Tomasi aliacha kupiga debe. Dunstan alikuwa amesimama hatua chache nyuma, nyasi zimejaa mikononi, na hakuzitua wala hakusogea mpaka mkewe alipomaliza. Kisha akaja akaketi chini, mavumbini, upande wake wa pili. Mbaazi zilipoiva walikula wote kwenye sinia moja.

Walilala wamebanana kibandani, watoto katikati. Kulipopambazuka Felomena na Dunstan walirudi kwenye gari, wakangoja saa kumi na mbili itimie. Umande ulikuwa umelowanisha kioo.

"Nimemwandikia Eustakio," Felomena alisema kwa Kihaya, lugha waliyoitumia kwa mambo ya ndani. "Nakwenda nyumbani na watoto. Sikumwandikia kwamba nitarudi."

Dunstan alimgeukia. "Barua imekwenda?"

"Tangu Ijumaa."

"Kwa hiyo jana ulikuwa unatuaga."

"Nilitaka watoto wawe na siku."

Alifuta kioo kwa kiganja chenye malengelenge, akaguna kwa maumivu. "Ile simu ya mama," alisema. "Sikwenda kuomba ruhusa. Unajua hilo? Hata kuuliza sikuuliza. Niliogopa kunyimwa, nikajinyima mwenyewe, nikakuletea habari za barabara. Barabara ilikuwa imekatika kweli, lakini ningeweza kuuliza."

Felomena hakulijua hilo. Alikuwa akidhani mumewe aliuliza baadaye kazini, akakataliwa. Hasira ilimpanda, kubwa kuliko ya mwaka mzima, na bado aliona kwamba mtu huyu angeweza kunyamaza na siri hiyo mpaka kaburini.

"Nikiomba sasa," Dunstan alisema, "utaningoja twende wote?"

"Omba kwanza," alimjibu.

Saa kumi na mbili ikatimia, wenyeji wao wakawaleta watoto. Gari lilikataa kuwaka kwa baridi, ikabidi Ausi, Valeria na Felomena walisukume mpaka lilipokohoa likashika. Ashura aliwafungia mbaazi kwenye kitambaa.

Dunstan aliomba likizo wiki ile ile. Akanyimwa. Akaomba tena, akaandika kwa wakubwa wa Lindi, na mwezi wa nane akapewa siku ishirini na nane. Felomena naye akapata ruhusa kliniki. Walipanda basi, wakapanda treni siku mbili hadi Mwanza, wakavuka ziwa kwa meli, Tomasi akitapika njia nzima.

Kaburi lilikuwa migombani, nyuma ya nyumba ambayo bado ilikuwa imeezekwa nusu. Magugu yalikuwa yamelifunika. Felomena alipiga magoti na kusema na mama yake kwa muda mrefu, na hakuna aliyemsogelea. Alipoinuka, Dunstan alivua viatu, akachukua jembe, akalipalilia kaburi kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, bila kumwachia mtu mwingine.

Jioni Eustakio alimvuta dada yake pembeni. "Nafasi za shule nimepata zote mbili. Mwalimu mkuu nimwambie nini?"

Felomena aliliwazia swali hilo usiku mzima. Asubuhi aliwaita kaka yake na mumewe pamoja.

"Watoto watarudi na baba yao," alisema. "Mimi nabaki. Nataka niezeke nyumba ya mama, nikae na msiba wangu mpaka uniishe. Nitaandika kliniki waniongezee ruhusa, hata bila mshahara."

"Mpaka lini?" Dunstan aliuliza.

"Nitakapomaliza nitajua."

Dunstan aliinamisha kichwa. Alipokiinua hakuuliza lolote kuhusu ndoa yao. Aliuliza mashati ya Tomasi hufuliwa siku gani, na Valeria husukwa na nani.

Barua yake ya kwanza kutoka Nachingwea ilifika mwishoni mwa Septemba, imeandikwa kama hukumu. Kwanza, Tomasi ana mafua. Pili, Valeria amekuwa wa tatu darasani. Tatu, sabuni hakuna madukani. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Ya tano ilisema kwamba Jumapili walikwenda kwa miguu mpaka mtoni, na kwamba nyumba inamngoja. Felomena aliisoma hiyo akiwa juu ya ngazi, misumari mdomoni.

Alirudi katikati ya Desemba, nyumba ya mama imekwisha kuezekwa, barabara zikiwa bado zinapitika. Aliposhuka kwenye basi watoto walimvamia, na mumewe akapokea mzigo. Alikuwa amekonda kidogo, na kwenye mkono wa shati lake kulikuwa na doa la masizi.

"Mama," Tomasi alimnong'oneza sikioni, "baba anapika ugali mgumu. Lakini usimwambie. Sisi tunaumaliza."