Mstari Mmoja, Ukurasa wa Arobaini na Moja

Rasimu ya kitabu cha historia ya kiwanda imejaa chuku tangu jalada. Eti ndege yetu ya kwanza "ilipaa kwa madaha mbele ya umati." Madaha gani? Nilikuwepo. Ile ya mbao na turubai tuliiita Panzi, kwa sababu iliruka, ikatua, ikaruka tena, kisha ikajitupa kwenye mtaro wa maji machafu. Umati wenyewe ulikuwa mafundi sita na mpishi. Ya pili, ya bati jepesi na viti viwili, ndiyo iliyotulisha. Shule za urubani ziliigombania, tukaunda themanini na mbili. Ya tatu, ya viti vinne, tuliunda moja tu.

Hiyo moja ilimuua mdogo wangu, rubani wetu wa majaribio. Kitabu kimempa mstari mmoja: "Ilianguka kwa uzembe wa rubani."

Mjane wake alinijia na rasimu kwapani, ukurasa huo ameukunja pembe.

"Shemeji, twende wote," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa mkaguzi, watakusikiliza. Wajukuu zangu wanajua kusoma sasa. Sitaki wamjue babu yao kwa neno uzembe."

Ningemkatalia vipi? Nilivaa viatu tukaenda.

Mzee mwenye kiwanda alishafariki, na kitabu anakiandika binti yake. Ofisi ambayo zamani ilinuka gundi na rangi sasa ina zulia, na Panzi wa mfano amewekwa ndani ya kioo, mdogo kama kiatu, msafi kuliko alivyowahi kuwa.

"Shangazi, mimi nimenakili ripoti ya ajali tu," binti alisema kwa upole. "Ikionekana kuna kosa lingine, naubadilisha mstari leo hii. Mjomba, kama si rubani, ilikuwa nini?"

"Waya," nikasema. "Nyuma ya kila bawa kuna kibao kinachopanda na kushuka. Ukilaza usukani kushoto, kibao cha kushoto kinapanda na ndege inalala kushoto. Ile ndege waya zake zilifungwa kinyume. Alilaza kushoto, ikamlalia kulia. Kadiri alivyojaribu kuinyoosha, ndivyo ilivyozidi kupinduka. Hapo hakuna rubani anayepona."

"Unasikia!" Shemeji alinishika mkono. "Nilijua mimi! Mume wangu hakuwa mzembe!"

Binti aliandika, kisha akainua kalamu. "Lakini mlikuwa na ukaguzi kabla ya kuruka."

Ningeweza kujitia nimesahau. Kazi hiyo ya kujisahaulisha nilikuwa nimeifanya miaka ishirini na sita, na nilikuwa hodari. Lakini Shemeji alikuwa bado ameushika mkono wangu, na sikuweza kuuvumilia ule mshiko.

"Tulikuwa nao," nikasema. "Rubani anakaa ndani, anachezesha usukani. Mkaguzi anasimama nyuma ya mkia na kutaja kwa sauti kibao kinachopanda. Nyuma ya mkia, makusudi, ili kushoto kwangu kuwe kushoto kwa ndege. Siku ile Mzee alikuwa na wanunuzi na wapiga picha. Akaamuru ndege isukumwe, mkia ugusane na ukuta, pua iwatazame wageni. Nyuma hapakuwa na pa kusimama. Nikasimama mbele."

Binti aliishusha kalamu akaandika, nami nikaendelea.

"Mdogo wangu akalaza usukani kushoto. Nikaona kibao cha upande wa mkono wangu wa kushoto kinapanda, nikapiga kelele: kushoto juu! Kumbe nilikuwa nimeikabili ndege uso kwa uso. Kilichopanda kilikuwa cha kulia. Angegeuza shingo angekiona mwenyewe, ila sauti ilikuwa ya kaka yake. Akanionyesha dole gumba, akawasha injini."

Shemeji aliuachia mkono wangu. Hakuutupa, aliuweka tu juu ya meza kama kitu cha watu.

Binti alikuwa keshaandika. Alisoma: "Ilianguka kwa kosa la mkaguzi." Nilisikia kabisa jinsi alivyopumua vizuri. Kosa lilikuwa limetoka kwa marehemu mmoja, likapita palepale marehemu mwingine alipo bila kumgusa, likanikalia mimi.

"Andika na ukuta," nikamwambia. "Andika nani aliamuru isukumwe."

"Hiyo siwezi, Mjomba. Baba hayupo kujitetea."

Nilipiga meza hadi Panzi akatikisika ndani ya kioo chake. "Na mdogo wangu alikuwepo? Ripoti ilipomwita mzembe, alikuwepo kujitetea?"

"Wewe ulikuwepo," alisema Shemeji.

Hakupaza sauti. Alikunjua pembe ya ule ukurasa, akaulainisha kwa kiganja mara mbili tatu, akairudisha rasimu kwa binti. Kisha akachukua mkoba wake akatoka, na nilijua sina ruhusa ya kumfuata.

Binti alikohoa kidogo. "Samahani, Mjomba. Niandike mkaguzi, au mkaguzi mkuu?"

"Mkuu," nikasema.