Patron Anaanguka, Sehemu ya Tatu

Wewe uliona. Usitikise kichwa. Siku ile patron alipoteleza akaingia mferejini mzima mzima, kiatu kimoja kikabaki juu kama alama ya barabarani, ulikuwa umesimama palepale na plastiki yako ya mikate mkononi. Na ulifanya nini? Uliangalia kandambili zako. Wote mliangalia kandambili. Watu wa mtaa wa Hewa Bora, ambao mbuzi wa jirani akikohoa mnatoka nje kumwangalia, siku ile mlipofuka macho kwa pamoja.

Patron, yule tajiri mwenye kampuni ya mgodi, alikuwa amekuja kuahidi kwamba kampuni yake itaufunika mfereji ule kwa zege. Alitembea kinyumenyume ili mpiga picha wake ampate vizuri, simu sikioni, tumbo mbele, na mfereji ukampokea. Walinzi wake walimtoa, wakamfuta, wakaondoka naye. Hakuna aliyecheka. Huyu alikuwa na shemeji anayetafuta kazi ya udereva huko kwenye mgodi, yule alikuwa na mtoto aliyepeleka maombi, na wewe hukuwa na chochote huko, uliogopa tu kwa mazoea.

Mfereji haukufunikwa. Masika yaliyofuata, Mama Ngalula, muuza makala, yaani mkaa, alitumbukia humohumo na gunia lake kichwani, mguu ukavunjika na kuungwa vibaya, na hadi leo anatembea kwa fimbo. Hapo pia mliangalia kandambili.

Mtu mmoja tu hakugeuza uso siku ya patron, naye ni Christiane Mwenya, mjane, fundi wa kushona. Alirudi nyumbani akafunga mto tumboni, akavaa koti la marehemu mume wake, akashika sabuni sikioni kama simu, akaanza kutembea kinyumenyume uani. Dorine, jirani yake, alicheka hadi akakaa chini kwenye maji ya vyombo. Wakamwita Papa Zéphirin Chama, anayepiga video za harusi. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa filamu mliyoililia machozi ya kicheko, *Patron Anaanguka*.

Namna yao ya kufanya kazi mnaijua, maana nusu yenu mmo ndani ya hizo filamu. Hakuna karatasi. Wanakaa uani kwa Christiane na kukubaliana mambo machache: nani anaingia, anatafuta nini, patron anaangukia wapi. Maneno, kila mmoja anayatafuta mwenyewe kamera ikishawaka. Anayepita njiani ameshakuwa mchezaji. Bata akikatiza, bata abaki.

Katika ile ya kwanza patron alianguka mferejini. Ya pili, alianguka ndani ya pipa la munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye harusi ya binti yake, na wageni wakaendelea kuchota na kunywa huku yeye yumo, anapiga simu. Upuuzi mtupu. Wasomi wa Golf, mtaa wa matajiri, walisema ni filamu za wajinga, halafu wakajifungia chooni na simu zao kuziangalia, kwa sauti ya chini. Nanyi mlijaa kwenye salle, ukumbi wa sinema wa Papa Mukuka, juu ya mbao zake zinazochana suruali, mkacheka hadi mabati yakalia. Mlicheka gizani. Gizani nyinyi ni mashujaa sana.

Mwaka mzima swali likawa moja. Sehemu ya tatu itatoka vakansi ya Julai, shule zikifungwa; je, ataanguka wapi? Sokoni walibishana. Kwenye foleni ya maji walibishana. "Ataanguka mu piscine ya kuogelea." "Hapana, mu kaburi, kwa kilio ya mama yake." "Mu sahani ya bukari na samaki, utaona." Papa Mukuka alikuwa amebandika mlangoni mabango ya filamu za ng'ambo, za majasusi wanaopigwa risasi kila mwaka na kila mwaka wanarudi na sehemu nyingine, hakuna aliyeyaangalia. Watu waliuliza moja tu, ya patron.

Ndipo akaja Mardochée Numbi.

Mardochée ni mtoto wa hapahapa. Alikulia nyuma ya salle ile, akitazama filamu kupitia tundu la ukuta. Leo anakaa Golf, ndiye msemaji wa kampuni ya patron, na viatu vyake havipendi vumbi letu. Alishuka kwenye gari lake na jenereta mpya, projekta, rundo la fulana za rangi ya machungwa, na karatasi zilizobanwa pini.

"Ya Christiane," alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa, akikaa kwenye ncha ya kiti, "bintu inabadilika. Société ya patron inapenda sana kazi yenu. Inataka kubasaidia kwa ya tatu. Hii yote ni yenu."

"Tunashukuru, leki, mudogo yangu," Christiane akajibu. "Na patron ataanguka wapi?"

"Haanguke."

Dorine alicheka, akidhani ni utani mzuri. Kisha akaona uso wa Mardochée.

"Kama haanguke, filme itaitwa namna gani?" Dorine akauliza. "*Patron Anasimama*? Bantu batalipa juu ya kuangalia muntu anasimama? Babende kwa arrêt ya bus, kule ni bure."

"Itaitwa *Patron na Bantu Yake*. Ni positif. Sikilizeni." Akafungua karatasi, akasoma Kifaransa chake kilichopigwa pasi. Muuza makala, mwanamke, mlevi, anayumbayumba na gunia kichwani. Anaanguka mferejini. Watu wanamcheka. Patron anapita, anashuka garini, anampa mkono, anamtoa, anamvisha fulana ya machungwa. Muziki.

Mama Ngalula alikuwa palepale, amekaa juu ya bidoni la maji, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele.

"Mulevi?" akauliza polepole. "Mardochée, miye nilikuwa mulevi?"

"Hapana weye, mama. Ni personnage tu, muntu wa filme."

"Ile personnage inabeba makala?"

"Mama, haina juu yako."

"Inaanguka mu mufereji gani?"

Mardochée akakunja karatasi. Mwanamke huyu alimbeba mgongoni alipokuwa na surua, mama yake mzazi akiwa kwao Mitwaba. Lakini alimgeukia Papa Zéphirin, na Papa Zéphirin alikuwa tayari ameweka mkono juu ya jenereta, anaipapasa kama ndama. Kwa miaka yote amekatikiwa umeme katikati ya kila kazi. Mtu anaweza kununuliwa kwa kitu kimoja tu, akipewa kile hasa anachokikosa.

"Tunakubali," alisema Papa Zéphirin. "Christiane, tunakubali, si vile? Tutaona mbele."

 Christiane alikuwa anamtazama Ngalula, ambaye alikuwa ameanza kuuvuta ule mguu chini ya kitenge, taratibu, auondoe machoni pa watu.

Siku ya kupiga filamu, yaani jana, Mardochée alitaka mfereji wenyewe, ule wa kweli, kwa sababu, alisema, kampuni inapenda authenticité. Mtu aliyezaliwa hapa, anayejua kwamba kila jiwe la mfereji ule linakumbukwa, akaenda kupachagua palepale. Na aligawa karatasi zake kwa kila mchezaji, akaamini kwamba kilichoandikwa kitasemwa. Shule ilimfundisha mambo mengi. Ilimfutia lile moja alilokuwa akilijua akiwa na macho kwenye tundu la ukuta: kile kinachowachekesha watu.

Mtaa mzima ulitoka. Nawe ulikuwepo. Ulivaa hata shati lile la Jumapili, labda kamera ikupate. Mama Ngalula alisimama mbele, mikono yote miwili juu ya fimbo.

Dorine akayumbayumba na gunia, kama karatasi ilivyosema. Akashuka mferejini, mle mlimo maji meusi ya sabuni na maganda, akakaa. Sasa mlitakiwa kucheka. Mardochée aliwapungia mkono: chekeni. Hakuna aliyecheka. Mlimtazama Ngalula mara moja, kisha mkafanya mnachokijua: macho chini, kandambilini.

Christiane akaingia, mto tumboni, koti la marehemu, miwani myeusi, simu sikioni. Akafika ukingoni. Dorine akanyoosha mkono kutoka kwenye matope, atolewe. Christiane naye akaunyoosha wake. Ilibaki vidole kugusana tu, na filamu ingekuwa ya Mardochée milele: kila mwaka, kila vakansi, Ngalula mlevi na patron mwokozi, na watoto wake Ngalula wakiitazama kwenye salle.

Christiane akaurudisha mkono. Akageuka akawatazama nyinyi, si kamera.

"Bantu yangu," akasema kwa sauti nzito ya patron, "muko munaangalia wapi? Miye niko huku. Ulikosa kuniona siku ile? Haina neno. Patron iko na roho muzuri. Patron atarudilia."

Na akaanza kutembea kinyumenyume.

"Allô? Oui. Oui, mufereji tulikwisha kufunika, zamani sana. Zege ya ng'ambo. Ata tembo inaweza kupita. Oui, niko juu yake sasa—"

Akaenda. Mzima mzima, miguu juu, kiatu kikabaki ukingoni, na simu haikutoka sikioni. Kutoka ndani ya maji meusi sauti ikaendelea: "Allô? Iko baridi kidogo. C'est la climatisation, mashini ya baridi."

Wa kwanza kucheka alikuwa Ngalula. Kilianza kama kikohozi, kisha fimbo ikaanza kutetemeka, kisha ikamponyoka na hakuiokota. Halafu mtaa wote. Mto ulipasuka, sufi ikaelea, Dorine akaikusanya na kumrudishia patron shatini, konzi kwa konzi, kwa heshima zote. Mlicheka mchana, jua likiwaka, nyuso wazi. Hata wewe. Nilidhani, basi, mmepona.

"Coupez," alisema Mardochée. "Papa Zéphirin, kata."

Papa Zéphirin aliitazama jenereta yake, mpya, yenye harufu ya dukani. Akarudisha jicho kwenye kamera. Hakukata. Katika filamu utaona picha inacheza kidogo hapo, usimlaumu.

Kabla ya saa sita gari lilikuwa limepakia jenereta, projekta, hadi fulana zilizokwisha kuvaliwa. Christiane alikuwa bado anakamua koti.

"Umeharibu kazi ya bantu, Ya Christiane," Mardochée akamwambia dirishani. "Hii filme haitaonyeshwa. Mwenye salle akionyesha, ajue tunajua kwenye anakaa."

"Mardochée," Christiane akasema, "ulicheka. Nilikuona. Ulifunika kinywa na karatasi yako."

Akapandisha kioo.

Sasa sikiliza, maana hii ni ya leo. Shule zimefungwa. Filamu ipo, Papa Zéphirin anayo mfukoni. Projekta ya zamani ya salle ni nzima. Lakini Papa Mukuka ameshapigiwa simu, na mlangoni kwake kuna kufuli, na yeye yuko ndani, amekaa juu ya ubao wake wa mbele. Christiane alimgongea asubuhi. Alimjibu bila kufungua:

"Mama, minaogopa. Nikifungua peke yangu, bataniua na biashara. Bantu bakikuya, nitafungua. Uniletee bantu."

Na watu wako wapi? Nimepita mlango kwa mlango. Kila mmoja ananiuliza kwa kunong'ona, "Ni kweli mto ulipasuka?" Kila mmoja anataka kuiona. Kila mmoja anangoja mwenzake atangulie. Na mbele ya lile kufuli wamesimama wanawake watatu tu: Dorine, Ngalula na fimbo yake, na Christiane katika koti ambalo halijakauka, mto mpya tumboni, anapita kinyumenyume mbele ya mlango ili watoto wajue ni leo.

Mwaka mzima uliuliza ataanguka wapi. Umejibiwa. Amka, chukua kigoda chako, mpigie jirani ukuta atoke naye. Nenda kasimame mbele ya mlango wa Mukuka sasa hivi, uso juu, umwite kwa jina afungue. Na viatu vaa, lakini usiviangalie.