Chatu Mabegani mwa Nyambeki

…kilo kumi na nane, labda ishirini, mgongo wake haujawahi kukosea uzito, miaka tisa ya kuchuma majani chai imeufundisha kupima bila mizani, ila kikapu hakina baridi hii, kikapu hakisogei, na huyu anasogea, Mungu wangu, anasogea, nani alimtuma anyooshe mikono… Kipkirui, mtunza wanyama wa bustani hii ya Kedowa, aliuliza tu, nani ataanza kumbeba chatu, na kwaya nzima ya kanisa la kambi ya wachuma chai, iliyokuja kuona wanyama, ikarudi nyuma, wanaume wa besi wakiwa wa kwanza, na Ombati shemeji yake, Ombati wa maneno mengi, akajibanza nyuma ya watoto wa shule ya Jumapili, ndipo Nyambeki akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, niwekee mimi, na sasa ataanguka, ataanguka na joka lake… "Mama, usiiname," anasema Kipkirui, "hii si kikapu, simama wima," na kumbe ni kweli ameinama, amesukuma kichwa mbele kama yuko kwenye mistari ya chai, ni mazoea, shambani anainama, kanisani anainama, aliinama kwenye matanga ya Mosoti mumewe mwaka wa tisini na nne na hajainuka tangu hapo, wazee walisema mbele yake, bila hata kumuuliza, huyu sasa ni wa Ombati, mke wa ndugu haachwi hivi hivi, na yeye akatazama vidole vya miguu yake, miaka miwili amevitazama, mpaka Jumapili iliyopita Ombati akaja na koti lake, akalitundika kwenye msumari wa marehemu nyuma ya mlango, akasema, tukirudi kutoka kuona wanyama utakuwa na jibu, akacheka, mtu ana mke na watoto sita kule Kisii, na wewe Nyambeki ulifanya nini, ulilipiga pasi lile koti, mjinga wewe, ulitia makaa ukalinyoosha mpaka kola… simama wima, amesema. Anasimama. Kiuno kinalia, mabega yanarudi nyuma, na chatu anajipanga upya shingoni pake, ulimi ukinusa hewa, hana haraka, hana neno naye, ni uzito tu huu, na katika watu wote waliosimama hapa nani anajua uzito kuliko yeye, kumbe ni hivi tu, kumbe kitu cha kutisha kikishakukalia mabegani unaona ni mzigo kama mizigo mingine, hofu imenyamaza tumboni na mahali pake panapanda kicheko, furaha, ndiyo, furaha tupu… "Weee, Mama Moureen!" Sally, mchumaji mwenzake wa mstari wa pili, anamwita kwa jina la bintiye, anapiga makofi. "Leo umesimama kama meneja!" Na Ombati naye, sauti imekuwa nyembamba, "Mama Moureen, rudisha hiyo nyoka, utatuletea mkosi, tutaongea nyumbani," tutaongea, anasema, huyu ndiye aliyewaambia wazee kwamba mwanamke hawezi kukaa peke yake, atalindwa na nani, sasa mlinzi mwenyewe ameshika bega la mtoto wa miaka saba… "Kuja tuongee hapa," anamwambia. "Mimi niko sawa hapa," Ombati anajibu. Watoto wanacheka, mmoja anamsukuma Ombati mbele, naye anaruka nyuma kama amekanyaga siafu. "Nimtoe, mama?" Kipkirui amenyoosha mikono. "Wacha kwanza," anasema Nyambeki, na maneno yanakuja yenyewe, miaka miwili aliyatafuta usiku na mchana na kumbe yalikuwa mepesi hivi, "basi sikia ukiwa huko huko, shemeji, mimi sirithiwi, sitaki, mke wako anakungoja Kisii, na wazee uwaambie nimesema mwenyewe, hawa wote wamesikia," na Sally anapiga kigelegele, na wanaume wa besi wanatazama viatu vyao, chatu anasogea na yeye hashtuki, anamwangalia Ombati usoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe ukoo ule, na anaona kwamba yeye ni mrefu kumpita.