Kikombe cha Jumatatu na Alhamisi

Daktari aliponiambia sukari basi, hata sikukifikiria kidole changu cha mguu kilichoanza kuwa cheusi. Niliufikiria mlango wa Mama Pindo.

Mama Pindo ni mshonaji, mlango wa tatu kutoka kwangu, ukumbi mmoja. Yeye mjane, mimi mgane. Miaka minne tulikuwa na kikombe kimoja cha bati cha kuazimana. Jumatatu anagonga: "Fundi, nimeishiwa sukari." Namjazia, natupia karafuu tatu juu, kwa sababu marehemu mke wangu alinizoesha hivyo kufukuza sisimizi. Alhamisi nagonga mimi: "Mama Pindo, nimeishiwa." Ananijazia, halafu ananikalisha. Ananipa chai na bakuli la sukari, yake anakwenda kujitilia nyuma ya pazia. Kisha ananitania: fundi saa gani anayechelewa kila mahali? Namjibu suruali zake zina mguu mmoja mrefu. Basi ndiyo hayo, na wiki nzima sina mazungumzo mengine. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, nani ananihitaji?

Sasa nikapewa vidonge vya utamu vya kutia kwenye chai badala ya sukari, kikopo kidogo cha kubofya. Jumatatu Mama Pindo alipogonga, nikamwambia kwa mkato kwamba mimi sukari nimeacha. Akasema, "Ahaa," akaondoka. Kikombe kilikuwa kwangu, kikabaki kwangu. Mtu asiyetumia sukari anagonga mlango akaombe nini? Niliona aibu.

Shemeji yangu akanitumia ujumbe wa sauti: vidonge hivyo ni sumu, vinaleta kansa, vitupe. Nisikufiche, nilifurahi. Kama vidonge ni sumu, basi narudi kwenye sukari, na Alhamisi yangu inarudi. Nikaenda zahanati mbio mbio, nikimwomba Mungu muuguzi naye aseme hivyo hivyo.

"Mzee wangu," akasema, "vidonge hivi vimechunguzwa sana. Bado wapo wanaovibishania, hasa kuvitumia miaka mingi, na mimi sitakwambia uvimeze kama karanga. Viwili kwenye kikombe cha chai havina neno. Ila sukari, kwa mtu mwenye kisukari kama wewe, hiyo haina mjadala. Angalia kidole chako."

"Hata kijiko kimoja, siku moja kwa wiki?"

"Kwani una mgeni gani siku hiyo?"

Nilirudi nimenuna. Alhamisi ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nilisikia cherehani yake kupitia ukutani, trrr, trrr, nikabaki nasafisha saa ambayo mwenyewe hajaifuata tangu mwaka jana. Upweke unauma, jamani, asikudanganye mtu. Wiki ya nne cherehani ikanyamaza, nikasema labda kazi zimepungua.

Alhamisi ya tano nikashindwa. Nikachukua kikombe, nikagonga. Liwalo na liwe, nitasema nina wageni.

Akafungua binti yake, ufagio mkononi. Chumba kitupu.

"Shikamoo. Wewe ndiye Fundi? Tumemhamishia kwangu, macho yamemchoka, hawezi tena kutunga uzi. Alikusubiri kidogo, halafu akasema tusikusumbue."

Nikabaki nimesimama na kikombe changu. "Nilikuja... kuazima sukari."

Binti akanishangaa. "Sukari? Kwa mama? Mama ana kisukari, baba. Huu mwaka wa sita hajaigusa, anatumia vidonge. Humu ndani sukari ilikuwa lile bakuli moja tu, la wageni."

Akaenda dirishani, akaniletea chupa ya kioo. "Alisema ukija nikupe hii. Eti ni zako."

Ilikuwa imejaa karafuu mpaka kwenye kizibo. Zangu zote, tatu tatu, za miaka minne. Sukari niliyompa Jumatatu ndiyo aliyonirudishia Alhamisi, alikuwa anaokota karafuu tu. Nikakaa kizingitini.

"Aliacha na swali," binti akasema. "Anauliza, mbona siku hizi Fundi haishiwi?"

Nikamnyooshea kikombe.

"Mwambie nimeishiwa," nikasema. "Mwambie nimeishiwa kabisa."