Kamanda Yupo Nyumbani

Simu ililia tena nikiwa kaunta, mteja kasimama mbele yangu. "Kamanda ametoka nyumbani." Maneno hayo nilishayachoka hadi yakawa yananijia ndotoni.

Kamanda ni mbwa wa baba. Kola yenye kifaa cha kumfuatilia kaivaa yeye, lakini anayefuatiliwa ni baba. Mzee Gozbert, mwalimu mstaafu, siku hizi anasahau. Anatoka getini kama mtu mwenye shughuli zake, halafu njiani shughuli inampotea. Mara ya mwisho tulimkuta Bunju, miguu imevimba, Kamanda kalala ubavuni pake. Nilimvalisha saa ya kumfuatilia, akaitumbukiza chooni. Nikamtundikia kadi shingoni, akauliza kama yeye ni mbuzi wa mnadani. Basi nikamvalisha mbwa, maana wale wawili ni chanda na pete.

Shida ikawa waifai. Kola ikiipata waifai ya nyumbani inatulia. Ikiikosa inadhani mbwa katoka, inanitumia ujumbe. Na waifai yetu haikufika baraza ya nyuma, pale baba anapopenda kukaa na Kamanda wake. Kila wakihamia kivulini, mimi huku kazini Kinondoni simu inalia. Nampigia Vaileth, dada anayetusaidia kazi, kumbe simu kaiacha jikoni. Naomba ruhusa, napanda bodaboda mpaka Tegeta, nawakuta mzee na mbwa wanasinzia. Bosi alishaacha kuniuliza naenda wapi. Alikuwa ananitazama tu.

Nikanunua kifaa cha kuongeza nguvu ya waifai. Wapi! Jumamosi moja nikasimama sebuleni, mikono kiunoni, nikalitazama kabati la vyombo, nikacheka kwa hasira. Ruta, kile kiboksi kinachorusha waifai, ilikuwa mle ndani. Niliifungia mwenyewe kuikinga na vumbi, katikati ya masinia ya mama, na juu yake nikaifunika kitambaa alichokifuma marehemu. Nyumbani kwetu kila kitu kilivaa kitambaa: redio, runinga, hata mtungi wa gesi. Sasa waifai ipenye vipi masinia yote yale? Wiki nzima nalaumu mtandao, kumbe mchawi ni mimi.

Niliitoa, nikaipachika ukutani karibu na dirisha la nyuma. Kitambaa nikakitupia kwenye kochi. Baba akakiokota, akakikunja taratibu.

"Mama yako ataniuliza mimi," akasema.

"Baba, mama..." Nikaishia hapo. Kila nikimwambia ukweli, anafiwa upya. "Nitamweleza mie, baba."

Tangu siku hiyo simu ikatulia. Kamanda yupo nyumbani, asubuhi. Kamanda yupo nyumbani, mchana. Nikaanza kula chakula cha mchana nimekaa. Nikalala usingizi wa kweli. Nilifurahi, na sioni aibu kusema hivyo, maana mtu anayemuuguza mzazi anachoka, hata kama anampenda.

Jumatano Vaileth akapiga.

"Dada Filo, mzee simuoni."

"Si yupo barazani? Simu inasema Kamanda yupo nyumbani."

"Kamanda yupo, dada. Kafungwa mnyororo kwenye nguzo. Mzee ndo hayupo."

Nilihangaika na ruta, masinia, dirisha. Kitu kimoja sikukiwaza hata kidogo, kwamba baba anaweza kumwacha mbwa wake.

"Nani kamfunga?"

"Sio mie, dada."

"Angalia koti lake la kijivu kama lipo."

Nilimsikia akienda, nikamsikia akirudi. "Halipo."

Hapo nikajua. Miaka yote baba anamfunga mbwa Jumapili tu, kabla ya kwenda misani. Mama alikuwa hataki kabisa kufuatwa na mbwa mpaka mlangoni kwa Padri, kwa hiyo baba akishavaa koti, kitu cha kwanza ni mnyororo. Kwake yeye, leo ilikuwa Jumapili.

Bodaboda alinishusha parokiani. Kanisa lilikuwa wazi, ndani kuna mama mmoja tu anapiga deki. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi lao la siku zote, koti limefungwa vifungo vyote, viatu vimeng'arishwa. Pembeni yake, juu ya benchi, alikuwa ametandaza kile kitambaa cha ruta, kakinyoosha vizuri mpaka kwenye ncha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmechelewa." Nilipotaka kukaa, akauweka mkono wake juu ya kitambaa. "Hapo pana mtu, Filo. Zunguka huku."

Nikazunguka. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia, na sasa yote yalinitoka. Nilikuwa nimechoka, nimechoka kiasi kwamba hata kulia kulinishinda. Simu ikatetemeka mkobani. Kamanda yupo nyumbani. Nikaizima.

Baba akageuka kutazama mlango. Nami nikageuka, tukamsubiri mama.